Mnyororo wa Baiskeli: Kuufungua na Kuuunga kwa Mikono Yetu Nyumbani



Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, baiskeli si kitu cha mchezo. Ndiyo inayompeleka mtoto skuli asubuhi na chuoni jioni. Ndiyo inayobeba mitungi ya maji bomba linapokauka. Na ndiyo inayozungusha mikate na mahamri mtaa kwa mtaa kabla jua halijapanda. Ikikwama, riziki nayo hukwama. Juma hili ukumbi wetu unaingia uani, mahali baiskeli inapoegemezwa ukutani, ili tuzungumze juu ya sehemu yake moja ambayo wengi wetu huikwepa kwa kuogopa kuchafuka mikono: mnyororo, au cheni kama tulivyozoea kuiita.

Tumechagua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kuufungua na kuuunga mnyororo ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa mama wa nyumba, wa binti aliye darasa la saba, na wa babu aliyestaafu. Haihitaji nguvu nyingi. Inahitaji macho, subira na kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Ya pili ndiyo nzito zaidi. Mnyororo haukatiki baiskeli ikiwa imesimama. Hukatika pale mguu unapokanyaga kwa nguvu kuliko wakati wote: kwenye mwinuko, au mtoto anapoharakisha kuvuka barabara ili gari lisimfikie. Mguu huzama ghafla, mwili hutupwa mbele juu ya usukani, na mpandaji huanguka mahali asipotakiwa kuanguka. Na kwa baiskeli zile ambazo breki ya nyuma hushika kwa kukanyaga kinyumenyume, kama zilivyo nyingi za watoto, mnyororo ukitoka breki hiyo nayo imetoka.

Kwa hiyo anayeunga mnyororo hashughulikii chuma tu. Anashika amana ya mtu atakayeupanda uzito wake wote juu ya pini moja nyembamba.

Tuujue kabla ya kuushika

Baiskeli za zamani hazikuwa na mnyororo. Kanyagio zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, na ili mtu aende mbali kwa kila mzunguko, gurudumu hilo lilifanywa kubwa hata mpandaji akawa amekaa juu kama aliyepanda mti. Mwaka wa 1880, Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester, Uingereza, alisajili uvumbuzi wake wa mnyororo wenye vipete vinavyozunguka. Mwaka wa 1885, John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, ambayo mnyororo wake ulizungusha gurudumu la nyuma. Mpandaji akashuka karibu na ardhi, na wanawake wa huko waliovaa nguo ndefu wakaweza nao kupanda. Baiskeli iliyo uani kwetu leo ni mjukuu wa ile, na mnyororo wake umebadilika kidogo sana.

Tuutazame kwa karibu. Umefanywa kwa pingili za namna mbili zinazopokezana. Pingili ya ndani ni nyembamba. Ina vipete viwili vinavyozunguka, navyo ndivyo vinavyokalia meno. Pingili ya nje ni pana kidogo; ni mabamba mawili tu yanayoikumbatia ile ya ndani kwa pande zote mbili. Kinachozishika pamoja ni pini inayopita katikati yake. Tangu pini moja hadi ya pili ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na kipimo hiki ndicho kilichoenea duniani. Kinachotofautiana ni upana. Mnyororo wa baiskeli isiyo na gia huwa na nafasi ya ndani ya thumni ya inchi, na wa baiskeli yenye gia huwa mwembamba zaidi. Tunapokwenda dukani, tuuchukue ule wa zamani mkononi, tusitegemee maelezo ya mdomo.

Kutokana na umbo hilo tunapata kanuni ya kwanza: pingili ya ndani huungana na ya nje tu. Ncha mbili zilizo sawa haziungani, mtu avute atakavyovuta.

Kisha tutafute mahali palipoungwa. Tuupitishe mnyororo polepole mbele ya macho tukitazama pingili moja moja. Tutakuta moja kati ya hali tatu. Ya kwanza, na ndiyo iliyozoeleka kwenye baiskeli zisizo na gia, ni pingili yenye klipu: kijibati chembamba chenye umbo la samaki mdogo, kichwa cha mviringo na mkia uliopasuka. Ya pili ni pingili ya kushikamana, yenye vipande viwili vilivyo sawa, kila kimoja na pini yake. Hii huonekana kwenye baiskeli nyingi za gia za siku hizi. Ya tatu ni mnyororo usio na alama yoyote, pini zote zinafanana. Huo hufunguliwa kwa kusukuma pini.

Vifaa vya kuandaa

Tutandike jamvi kuukuu au gunia, na tuweke karibu sinia dogo la kuwekea vitu vidogo visipotee mchangani. Tuwe na koleo yenye mdomo mwembamba, bisibisi bapa, spana inayoenea nati za gurudumu la nyuma, kipande cha waya laini chenye urefu wa shubiri, tambara, mswaki uliokwisha kazi, na mafuta ya taa kidogo ndani ya kopo pana.

Kifaa kimoja kinastahili kununuliwa: kile cha kusukumia pini. Ni kidogo, kina kitako cha kukalishia pingili na skrubu yenye ncha inayoisukuma pini taratibu kadiri tunavyozungusha mkono wake. Hupatikana kwenye maduka ya spea za baiskeli. Mafundi wengi wa barabarani hufanya kazi hiyo kwa msumari na nyundo juu ya nati, na mikono yao imezoea. Kwa sisi wa nyumbani, pigo moja la pembeni linatosha kulikunja bamba, na bamba lililokunjika ndilo litakalofunguka siku ya mwinuko.

Baiskeli tuipindue, ikae juu ya kiti na usukani wake. Tulegeze nati za gurudumu la nyuma na tulisukume mbele kidogo ili mnyororo ulegee. Ikiwa baiskeli ina gia, tuuhamishe mnyororo kwenye duara dogo kabisa la meno mbele na nyuma. Halafu tuupinde ule waya uwe na kulabu pande zote mbili, tuziunganishe kwa muda pingili zilizo kulia na kushoto ya mahali tunapotaka kufungua. Waya huo utazishika ncha zisiponyoke mikononi.

Na kabla ya yote, watoto wadogo wasogee kando. Tutalirudia neno hili mbele, kwa kuwa ni zito.

Kuufungua

Kama kuna klipu, mdomo mmoja wa koleo tuuweke kwenye ncha za mkia wa samaki, na mwingine kwenye pini iliyo karibu na mkia huo. Tubane taratibu. Klipu itateleza kuelekea upande wa kichwa na kuachia. Kidole cha mkono wa pili kiifunike wakati wote, kwani kijibati hiki kina tabia ya kuruka, na kikishaingia mchangani hakionekani tena. Klipu ikitoka, bamba la juu litatoka pia, na pingili nzima itachomolewa kwa upande wa pili. Vipande vyote vitatu vikae siniani.

Kama ni pingili ya kushikamana, tuzikaribishe pini zake mbili kwa koleo, huku vidole vikiyabana mabamba yake kwa ndani. Zikikaribiana, vipande hivyo viwili huachana. Baadhi ya pingili hizi zimetengenezwa kutumika mara moja tu. Karatasi iliyokuja nazo husema, nayo ifuatwe.

Kama ni pini, tuikalishe pingili vizuri kwenye kifaa, pande zote zimeegama. Ncha ya skrubu ielekee katikati ya pini barabara, si pembeni. Tuanze kuzungusha. Mzunguko wa mwanzo huwa mzito, na mara nyingi husikika mlio mdogo pini inapoachia. Mlio huo usitutishe. Bali tukiona ncha imepanda juu ya bamba, tusimame, turudishe nyuma, tupange upya.

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Pini isitoke kabisa. Tuisukume mpaka iachie bamba la kwanza na pingili ya ndani, lakini ibaki imeshikwa na bamba la mwisho, huku ncha yake ikionekana kidogo tu, kama nusu milimita, kwa upande wa ndani. Tutoe kifaa, tutazame. Ikibaki nyingi, tuongeze robo ya mzunguko, tutazame tena. Halafu tuupinde mnyororo kwa upande, nao utaachana. Tuipange kazi ili pini iliyochomoza ielekee upande wetu, tupate kuirudisha kwa urahisi wakati wa kuunga.

Pini iliyotoka nje yote ni vigumu mno kuirudisha sawasawa. Hilo likitokea hakuna haja ya kuhuzunika, wala haifai kuipigapiga kwa nyundo. Njia salama ni kuiondoa ile pingili ya nje yote na kuweka mahali pake pingili mpya yenye klipu, yenye upana unaolingana na mnyororo wetu. Urefu haubadiliki hata kidogo.

Njia hiyo hiyo ndiyo dawa ya mnyororo uliokatika, maana mara nyingi kilichoharibika ni bamba moja la nje lililofunguka. Asiyekuwa na pingili ya klipu ataondoa ya nje iliyoharibika pamoja na ya ndani iliyo jirani, kisha ataunga kwa pini. Ajue kuwa mnyororo umepungua inchi nzima, na gurudumu la nyuma litalazimika kusogea mbele. Likikosa pa kusogea, asilazimishe.

Je, unastahili kuungwa?

Kabla ya kuunga, tuupime. Mnyororo mzee husemwa umevutika. Kwa hakika chuma hakikuvutika. Ni pini na matundu yake yaliyoliwa kidogo kidogo na mchanga, na kila pingili ikaongezeka kwa unywele. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa hukijaza kwa hasara.

Tuunyooshe sawasawa. Tuweke mwanzo wa kipimo katikati ya pini moja, tuhesabu pini 24 zinazofuata, tusome mahali ilipo katikati ya ile ya 24. Mnyororo mpya husoma inchi 12 kamili. Futi ya chuma ndiyo bora. Utepe wa cherehani nao unafaa maadamu haujalegea kwa kutumika. Ikisomeka inchi 12 na thumni moja, mnyororo huo umekwisha. Tukiuunga leo pini hii, kesho itakatika nyingine.

Tutazame na meno. Meno mazima yana mabega sawa pande zote mbili. Yaliyochongoka na kuinama upande mmoja kama pezi la papa yamelika, na mnyororo mpya ukiwekwa juu yake utaruka na kuchakaa upesi. Tukinunua mpya, urefu wake tuukate kwa kuhesabu pingili za ule wa zamani. Tusiilaze miwili sambamba na kukata palipolingana, kwa sababu wa zamani umeongezeka.

Kuuunga

Tuupitishe kwanza njia yake yote, juu ya meno ya mbele na ya nyuma, na ndani ya fremu panapostahili. Wengi huunga kwa furaha kisha wakaona mnyororo uko nje ya bomba la fremu, ikabidi waufungue upya. Tuzikutanishe ncha, tuzishike kwa ule waya wetu.

Kwa pini: tuiingize pingili ya ndani katikati ya mabamba ya nje. Ile nusu milimita tuliyoiacha itaidaka na kuishikilia. Ndiyo faida ya subira yetu ya mwanzo. Tukalishe kifaa, tusukume pini taratibu mpaka itokeze sawa pande zote mbili. Jicho hudanganyika, kidole kipite juu ya pini hii na ya jirani yake, kwa ndani na kwa nje. Zote zihisike sawa. Pini iliyopungua upande mmoja inalishika bamba kwa ukingo tu. Mnyororo utazunguka vizuri uani, utakwenda vizuri siku mbili tatu, na siku ya tatu au ya kumi bamba litafunguka mtoto akiwa barabarani.

Pingili tuliyoiunga mara nyingi huwa ngumu kukunjika. Tuishike kwa mikono miwili, vidole gumba viwili viegemee hapo, tuipinde kwa upande mara chache, kidogo kidogo, mpaka ilainike kama wenzake.

Kanuni hii ya kuirudisha pini ile ile ni ya minyororo minene ya baiskeli zisizo na gia na zile za zamani. Minyororo myembamba ya baiskeli zenye gia nyingi haiikubali. Pini ikishatolewa huwa imelegeza tundu. Hiyo huungwa kwa pini maalumu mpya au kwa pingili ya kushikamana, inayolingana na idadi ya gia za nyuma.

Kwa pingili ya kushikamana: tuvipachike vipande viwili, tuvute ncha, kisha tuizungushe pingili ifike sehemu ya mnyororo inayovutwa na kanyagio. Tuzuie gurudumu la nyuma, tukandamize kanyagio. Itasikika ikijifunga.

Kwa klipu: tuingize pini mbili kutoka upande wa gurudumu, tuweke bamba la nje, kisha klipu juu yake, ikae kwenye mifuo ya pini zote mbili. Mdomo mmoja wa koleo ukae kwenye kichwa cha samaki, mwingine nyuma ya pini ya mkiani, tubane mpaka ijifunge. Na hapa kuna kanuni ambayo hata mtoto hataisahau: samaki huogelea kichwa mbele. Kichwa cha klipu kielekee kule mnyororo unakokwenda, na mkia uliopasuka ufuate nyuma. Ukiwa kinyume, kijiti, uzi wa nguo au ukingo wa kifuniko utauparamia ule mkia na kuifungua klipu njiani. Tukumbuke kuwa baiskeli iliyopinduliwa hugeuza mambo: upande wa mnyororo uliokuwa juu sasa uko chini. Basi tusikisie. Tuizungushe kanyagio polepole uelekeo ule unaoendesha gurudumu, tuone kwa macho mnyororo unakwenda wapi, ndipo tumwelekeze samaki wetu.

Kukaza na kukagua

Tulivute gurudumu nyuma mpaka mnyororo ukae vyema. Ukibonyezwa katikati kwa kidole, upande na kushuka kwa jumla ya nusu inchi au robo tatu ya inchi. Ukikaza kupita kiasi hulia na kula meno, ukilegea hutoka. Tuupime mahali patatu au panne huku tukizungusha, kwani meno hayawi mviringo kamili, na kipimo tukichukue pale ulipokaza zaidi. Gurudumu likae katikati ya fremu, nati zikazwe kwa kupokezana, hii kidogo na ile kidogo.

Sasa kazi inaonekana imekwisha, na hapa ndipo wengi humkabidhi mtoto baiskeli. Tunasema bado. Tuzungushe kwa mkono mizunguko mitatu kamili tukiitazama pingili tuliyoiunga ikipita kwenye meno ya mbele na ya nyuma. Isiruke, isisimame, isigonge. Kisha tuisimamishe baiskeli, tushike breki ya mkono au tuliegemeze gurudumu la mbele ukutani, tukandamize kanyagio kwa uzito wa mwili. Kama kuna kosa, na lijitokeze hapa, ukutani, mbele ya mtu mzima. Mwisho, mtu mzima aipande mwendo mfupi kwenye uchochoro usio na magari, ajaribu na breki. Baada ya hapo mwenyewe apewe. Na kesho yake, kabla hajatoka, kidole kipite tena juu ya pini ile. Ni kazi ya nusu dakika.

Kuutunza katika hewa yetu ya bahari

Hewa ya pwani ina chumvi, na njia zetu nyingi zina mchanga. Chumvi huleta kutu, mchanga hufanya kazi ya tupa. Tuupanguse mnyororo kwa tambara kila juma, na ukichafuka sana tuusugue kwa mswaki na mafuta ya taa, tuuache ukauke kabisa, kisha tutie tone moja la mafuta juu ya kila kipete. Tusubiri kidogo, halafu tupanguse ya nje yote. Mafuta yanayofanya kazi ni yale yaliyoingia ndani. Yaliyobaki nje hukusanya mchanga tu. Kwa sababu hiyo grisi nzito isipakwe juu ya mnyororo ulio wazi.

Mafuta ya kupikia hayafai, kwani baada ya siku chache huganda na kunata. Mafuta ya cherehani yanafaa, ila ni mepesi. Yataka kurudiwa mara kwa mara, hasa baada ya mvua.

Neno juu ya mafuta ya taa: yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu haulizi. Kazi ikiisha, yaliyobaki yarudi kwenye chombo chake chenye alama, mahali pa juu, mbali na jiko. Ikitokea mtoto amekunywa, asitapishwe, kwa sababu mafuta hayo yakipita kifuani wakati wa kutapika huumiza mapafu. Apelekwe hospitali mara moja.

Vidole na nguo

Tulisema watoto wasogee. Mnyororo unapoingia kwenye meno huvuta kila kilicho juu yake, na kidole cha mtoto wa miaka miwili au mitatu hukatika kabla mama hajageuka. Watoto wadogo hupenda kuizungusha kanyagio ya baiskeli iliyopinduliwa na kutazama gurudumu likilia. Kwa hiyo baiskeli isiachwe imepinduliwa bila mtu, hata kwa muda wa kwenda kufunga mlango. Na anayefanya kazi mwenyewe asigeuze kanyagio kwa mkono mmoja hali ule mwingine umeushika mnyororo karibu na meno.

Nguo nazo zina hatari yake. Buibui, kanzu, leso na ncha ya mtandio huingia kwenye mnyororo kwa urahisi, na nguo ikishaingia hukaza mpaka mpandaji aanguke. Hili si tatizo letu peke yetu. Wanawake wa Ulaya walioanza kupanda baiskeli mwishoni mwa karne ya 19 walivaa marinda marefu, na ndiyo maana baiskeli zao zilifungwa vifuniko vya mnyororo na nyavu pembeni mwa gurudumu la nyuma. Wengi wetu hukiondoa kifuniko kikianza kupiga kelele, tukaona tumepata nafuu. Tukirudishe. Kelele huondoka kwa kunyoosha bati na kukaza skrubu. Binti anayepanda na nguo ya stara anakihitaji kifuniko hicho kama anavyohitaji breki. Na ikitokea nguo imenaswa, isivutwe kwa nguvu: tusimame, tuzungushe kanyagio kinyumenyume taratibu, nayo itaachia. Kwa baiskeli yenye breki ya kukanyaga, ambayo haizunguki nyuma, tuinue gurudumu la nyuma na kulirudisha kinyume kwa mkono.

Tunamalizia kwa ombi. Kazi hii ikifanywa nyumbani, wasiitwe wavulana peke yao. Binti naye akae jamvini, ashike koleo, amtafute samaki, apitishe kidole juu ya pini. Huenda siku moja akawa njiani na ndugu yake mdogo nyuma ya keria, mbali na fundi na mbali na baba. Atakachokuwa nacho siku hiyo ni kile alichofundishwa na mikono ya nyumbani kwao.

Fundi wetu wa mtaani hatumnyimi riziki yake. Yapo mengi yatakayobaki kuwa yake: magurudumu yaliyopinda, bearingi zilizokwisha, fremu zilizopasuka. Pini ya mnyororo, hata hivyo, tunaweza kuishika sisi wenyewe, na tukiishika tuishike kwa ukamilifu.

Mola awahifadhi watoto wetu barabarani. Tukutane juma lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.